Pishi ya Maji: Mjadala juu ya Kitabu cha Wateka Maji

Mwaka 1972 Chuo Kikuu cha Chicago nchini Marekani kilipiga chapa kitabu kiitwacho Drawers of Water, nasi hapa tutakiita Wateka Maji, kilichoandikwa na watu watatu: Gilbert White, mwanajiografia ambaye alikuwa amekwisha kujipatia jina kwa tafiti zake za mafuriko ya mito, mkewe, Anne White, na David Bradley, tabibu wa Kiingereza aliyefanya kazi Makerere, Uganda, katika miaka ya 1960. Kitabu hicho kilieleza jinsi watu wa Kenya, Uganda na Tanzania walivyopata na kutumia maji majumbani mwao, na tangu siku hiyo hapana mwanachuoni wa maji na afya, awe wa London au wa Dar es Salaam, aliyeandika kwa makini bila ya kukigusa au kukibishia.

Kazi inayotajwa mno hupata hatari ya kutajwa pasipo kusomwa, na sifa yake ikikaa muda mrefu bila ya kuulizwa hugeuka mazoea. Kwa ajili hiyo nimewapa ulimi watu wanne wa kubuni, wasio na majina illa kazi zao, wabishane mbele ya Mwenyekiti: Mwanachuoni, Mhandisi, Tabibu, na Mkunga wa shamba aliyestaafu, ambaye kwa umri wake wote watatu ni wanawe.

MWENYEKITI: Mabibi na mabwana, hoja iliyo mbele yetu ni hii: kwamba kitabu cha Wateka Maji kimestahili cheo kilichopewa na wanazuoni, na kwamba taathira yake imewafikia wale walioandikwa ndani yake. Sehemu hizo ni mbili, wala kuithibitisha moja si kuithibitisha ya pili. Namwita Mwanachuoni afungue.

MWANACHUONI: Ahsante, Bwana Mwenyekiti. Ili tuijue thamani ya kitabu hiki yatupasa kwanza tuikumbuke hali ya fikra kabla yake. Tangu John Snow alipoonyesha huko London, mwaka 1854, kwamba kipindupindu kilikuwa kikienea kwa maji ya bomba la mtaa wa Broad Street, matabibu na wahandisi wa Ulaya waliyatazama maji kwa jicho la usafi peke yake: ama ni safi na yanyweke, ama ni machafu na yaachwe. Jicho hilo liliwafaa watu wa miji ambayo maji yaliingia majumbani kwa wingi, kwa maana mtu aliyekwisha kupata maji ya kutosha hana swali lililobaki illa la ubora wake. Lakini lilipoletwa Afrika Mashariki halikumwona kabisa mwanamke aliyeamka alfajiri kufuata maji bondeni, ambaye swali lake la kwanza halikuwa maji haya yana vijidudu gani, bali ni madebe mangapi ataweza kuyapandisha kilimani kabla jua halijawa kali.

Baina ya mwaka 1966 na 1968 White na wenzake walichagua mahali 34 katika nchi hizi tatu, mijini na mashambani, penye bomba na pasipo bomba, na watafiti wao wakaketi majumbani mwa watu kutwa, wakahesabu safari za kisimani, wakapima vyombo, wakauliza bei, wakaandika nani alikwenda na alirudi saa ngapi. Walikadiria hata nguvu inayoteketea mwilini mwa mteka maji apandapo mlima na mzigo kichwani, wakaigeuza kuwa hesabu ya chakula, ikadhihirika kwamba maji yaitwayo ya bure hulipwa kwa unga uliokwisha kuliwa. Na White, ambaye katika mambo ya mafuriko alikuwa ameshikilia kwamba hasara ya mto hutokana na uchaguzi wa wanadamu kadiri itokanavyo na wingi wa mvua, alileta hekima hiyo hiyo kisimani: alimhesabu mama wa nyumbani kuwa mwamuzi mwenye akili, anayepima ladha, umbali, gharama na hata ujirani, kisha akachagua. Wangapi kabla yake waliyaandika maamuzi ya mwanamke wa shamba kama jambo lenye sababu, lisilokuwa ujinga wa kuondolewa kwa mafunzo?

Fauka ya hayo, Bradley aliyapanga maradhi yahusianayo na maji katika mafungu manne. Fungu la kwanza ni maradhi yabebwayo na maji yanywewayo, kama kipindupindu na homa ya matumbo, na njia ya kuyakata ni kuyasafisha maji. La pili ni maradhi yaletwayo na uhaba wa maji ya kuogea na kunawia, kama upele, ugonjwa wa macho wa trakoma na kuhara kwingi, na njia ya kuyakata ni kuongeza maji, hata yasipokuwa safi kabisa. La tatu ni maradhi ambayo wadudu wake hukaa sehemu ya umri wao ndani ya viumbe vya majini, kama kichocho kwa konokono, na huko dawa ni kumwepusha mtu na maji hayo na kuyaepusha maji na uchafu wa mtu. La nne ni maradhi yaenezwayo na wadudu wazaliwao majini au wang'atao kando ya maji, kama malaria na malale, na dawa yake ni kuyashughulikia mazalio, au kumwondolea mtu haja ya kwenda mtoni. Zamani maradhi yalipangwa kwa majina ya vijidudu vyake. Bradley aliyapanga kwa njia ambayo badiliko la maji huyakata, na kwa mpango huo tabibu na mhandisi, ambao hapo kwanza kila mmoja alisema lugha yake, walipata meza moja ya kukalia. Taathira ya ilimu ni nini kama si hiyo?

MHANDISI: Bwana Mwenyekiti, ndugu yangu Mwanachuoni amesema vizuri, na meza anayoitaja nimeikalia mimi mwenyewe. Lakini nina mashaka mawili. La kwanza ni kwamba mafungu haya manne yalipendwa kwa sababu huenea katika ukurasa mmoja, na kitu kinachoenea katika ukurasa mmoja husafiri mbali kuliko ukweli wenye kurasa nyingi. Kuhara, ambako ndiko kunakowaua watoto wadogo, hakukai katika fungu moja: kijidudu kile kile leo hubebwa na maji, kesho hubebwa na mkono usionawiwa. Ndiyo maana mwaka 1977 Richard Feachem aliyatengeneza upya mafungu hayo, akaunganisha maradhi yote yatokayo kinyesini kuingia kinywani, yawe yamepita majini au mikononi. Na zaidi ya hayo, mpango huo ni wa maradhi ya kuambukiza tu. Nenda Arusha na vijiji vya kando ya Mlima Meru, ukawaone watu wenye meno ya rangi ya kahawia na wengine wenye mifupa iliyopinda kwa madini ya floridi yaliyomo katika maji yao. Waulize wamo katika fungu lipi. Hawamo.

Shaka la pili ni zito zaidi. Hoja ya kwamba wingi hutangulia usafi ilikuwa ya haki midomoni mwa waliosema, lakini hoja ikitoka kinywani mwa mwenyewe huwa mali ya wote, na wako waliopewa dhamana ya maji ambao waliikumbatia kwa kuwa iliwapunguzia kazi. Walichimba kisima, wakahesabu lita, wakaondoka. Wala hawakurudi kupima yaliyomo ndani ya lita hizo, na walipoulizwa walitaja wanazuoni. Jina la kitabu likawa pazia la uvivu.

MWANACHUONI: Mhandisi hakukosea katika habari alizozitoa, ila katika hukumu. Kwamba Feachem aliyatengeneza mafungu ya Bradley ni ithibati ya uhai wake, kwani hapana atengenezaye nyumba isiyokaliwa na mtu. Na mafungu hayo yaliandikwa kwa ajili ya maradhi ya kuambukiza. Kuyalaumu kwa kutokutaja floridi ni kumlaumu aliyeandika habari za bahari kwa kutokutaja jangwa. Ama wale waliojificha nyuma ya kitabu, wamekisoma nusu. White na wenzake hawakusema kwamba uchafu ni halali. Walisema kwamba kipimo cha usafi kilichotungwa kwa miji tajiri kisifanywe sharti la kumnyima mnyonge maji mengi zaidi na ya karibu zaidi leo, kwa kungojea maji kamili ambayo yamkini hayatafika katika umri wake.

MHANDISI: Niliyoyasema juu ya walioegemea kitabu nitayashikilia, maadamu nimeyaona kazini. Lakini nakubali kwamba kosa la msomaji si deni la mwandishi.

MWENYEKITI: Tumsikie Tabibu. Nasi twataka kwake si mapenzi ya kitabu, bali ushahidi.

TABIBU: Nitautoa, Bwana Mwenyekiti, na nawaonya tangu sasa kwamba ushahidi haukumpendelea mtu hata mmoja kati yenu. Kitabu cha mwaka 1972 kilitoa hoja. Kuipima kuliachiwa wengine, na miaka hamsini ya vipimo haikutosha kuifunga kesi.

Miongoni mwa wa kwanza walikuwa Feachem na wenzake nchini Lesotho, ambao mwaka 1978 walitoa habari za vijiji vilivyopewa mabomba: watu hawakutumia maji mengi kuliko wenzao wasio na bomba, na afya yao haikuonyesha badiliko kubwa. Kwa haraka ungedhani hoja imeanguka. Lakini katika safu hiyo ya tafiti iliyoanzia kwa Wateka Maji ilidhihirika sheria ya ajabu kidogo: safari ya kwenda kisimani na kurudi ikichukua dakika chache tu hadi nusu saa, mtu huteka karibu kiasi kile kile, ikipita nusu saa, hupunguza, na bomba likiingia ndani ya ua wake, matumizi huruka ghafula. Kumsogezea mtu kisima kutoka dakika 20 hadi 10, basi, ni kumpunguzia taabu, nayo ni rehema, lakini si kumwongezea maji. Katika wilaya ya Mueda, kaskazini ya Msumbiji, Sandy Cairncross na mwenziwe walilinganisha vijiji viwili, kimoja chenye bomba na kimoja ambacho maji yake yalikuwa mbali kwa saa nyingi, na mwaka 1987 wakaeleza kwamba wenye bomba walitumia maji mengi zaidi kwa mbali, na ziada hiyo ilikwenda hasa katika kuoga na kufua, si katika kunywa. Hapo fungu la pili la Bradley lilionekana kwa macho.

Mwaka 1985 Steven Esrey na wenzake walikusanya tafiti nyingi za kuhara, wakaona kwamba kuboresha usafi wa maji kulipunguza kuhara kwa asilimia 16 hivi, na kuongeza upatikanaji wake kwa asilimia 25 hivi. Kwa muda wa miaka 20 hesabu hiyo ilikuwa silaha ya watu wa wingi. Kisha mwaka 2005 Lorna Fewtrell na wenzake wakakusanya upya, wakaona kwamba kusafisha maji nyumbani, pale yanaponywewa, kuna nguvu kuliko ilivyodhaniwa, na watu wa usafi wakashangilia. Furaha yao haikudumu: mwaka 2009 Wolf-Peter Schmidt na Cairncross walionyesha kwamba nguvu hiyo ilionekana zaidi katika tafiti ambazo mshiriki alijua kuwa amepewa dawa ya maji, na ilififia katika zile chache ambazo hakujua. Na majaribio makubwa yaliyofanywa Bungoma, Kakamega na Vihiga, magharibi ya Kenya, ambayo matokeo yake yalitolewa mwaka 2018, yaliwapa watu klorini, sabuni na vyoo, yakakuta kuhara kwa watoto hakukupungua.

MWANACHUONI: Basi hoja imethibiti! Katika majaribio hayo ya Kenya hawakuongezewa watu maji hata kata moja. Waliambiwa wayatie dawa yale yale machache.

TABIBU: Pole pole, ndugu yangu. Ni kweli kwamba jaribio lile halikuleta maji mengi wala ya karibu zaidi, na wako wanazuoni waliotoa hitimisho kwamba misaada midogo midogo haitoshi na kwamba panatakiwa badiliko kubwa, maji ndani ya nyumba na mazingira safi kijiji kizima. Lakini kushindwa kwa njia moja si ushahidi wa njia ambayo haikujaribiwa. Mimi nasema hivi tu: kila mmoja wa hao niliowataja, aliyekubali na aliyekanusha, aliuliza swali lililoulizwa kwanza na kitabu hiki. Mwandishi ambaye wapinzani wake hawawezi kumpinga illa kwa istilahi zake ameushinda mjadala hata kabla ya kujua mshindi ni nani.

MHANDISI: Hayo nayakubali, lakini ni ushindi wa wanazuoni juu ya wanazuoni. Tuifikie siasa ya nchi. Husemwa mara nyingi kwamba vipimo vya serikali zetu ni watoto wa kitabu hiki. Tanzania ilianza mwaka 1971 mpango wa miaka 20 wa kuwafikishia watu wa vijijini maji karibu na makazi yao ifikapo mwaka 1991. Mpango huo ulitangulia kitabu kupigwa chapa! Kufanana si nasaba.

MWANACHUONI: Nakubali kwamba mpango wa mwaka 1971 haukuzaliwa na kitabu, ulikuwa na wazazi wake katika siasa ya nchi. Lakini fikra haingojei chapa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa tangu 1967 na idara ya kuchunguza rasilimali na matumizi ya ardhi, iliyojulikana kwa kifupi BRALUP, na wanazuoni wake walikuwa wakiuliza maswali ya ukoo mmoja na haya. Na mbele zaidi nasaba yaonekana wazi: mwaka 2003 Guy Howard na Jamie Bartram, kwa ajili ya Shirika la Afya Duniani, waliandika juu ya kiasi cha maji anachohitaji mtu, na ngazi zao za lita 20 kwa siku na safari isiyozidi nusu saa zimesimama juu ya tafiti za safu hii, na leo, katika hesabu ya dunia ya maji, mtu ambaye safari yake pamoja na foleni hupita dakika 30 huandikwa kuwa na huduma pungufu, hata maji yake yakiwa safi. Umbali umekuwa sehemu ya tafsiri ya haki.

MKUNGA: Wanangu, nimewasikiliza kwa muda mrefu, nanyi mmesema mengi yenye manufaa. Sasa niruhusuni niulize la kizee. Hao wanawake waliohesabiwa safari zao, waliopimiwa ndoo zao, walioulizwa wanakwenda na nani na kwa nini hawachoti kisima cha jirani, kitabu chao walikisoma?

MWANACHUONI: Hapana, Bibi. Kiliandikwa kwa Kiingereza, kikauzwa ng'ambo.

MKUNGA: Basi hiyo sifa yenu ina tundu. Mimi nimezalisha wanawake kwa taa ya kandili katika nyumba ambazo maji yalikuwa ndoo moja, na ndoo hiyo ilikuwa ni ya uji, ya kumwoshea mtoto na ya mikono yangu. Hakuna aliyekuja kuniambia kwamba huko Chicago au London kuna watu wamekwisha kuandika kwamba uhaba ni ugonjwa. Sisi tuliambiwa tuchemshe maji. Kuni zake nani akazikate? Muda wake ukatwe wapi? Kama tungaliambiwa kwamba wenye ilimu wamekubali kuwa mwanamke asiyenawa hana kosa la uchafu bali ana kosa la umbali, tungaliinua vichwa mbele ya mabwana afya waliotufokea.

Hata hivyo sitaki mdhani nakitukana kitabu. Nimekulia sokoni, mama yangu akiuza nafaka, nami najua kwamba pishi haijazi unga katika kapu la mtu. Lakini asiye na pishi hupunjwa kila siku wala hajui amepunjwa kiasi gani. Watu hao watatu walitupa pishi ya maji. Niambieni basi: kuna aliyerudi kupima tena?

TABIBU: Yuko, Bibi, na hapa ndipo penye kiini cha habari yote. Baada ya miaka 30 hivi, kuelekea mwisho wa karne, kundi la watafiti lilirudi karibu mahali pote pale pale, kwa maswali yale yale, wakaingia katika nyumba zaidi ya 1,000. Mwaka 2001 kazi yao ilitolewa London kwa jina la Wateka Maji ya pili. Na safari hii miongoni mwa waandishi walikuwamo wenyeji: James Tumwine wa Makerere, Mark Mujwahuzi wa Dar es Salaam, na Munguti Katui-Katua wa Kenya.

MKUNGA: Walikuta nini?

TABIBU: Walikuta jambo ambalo hapana aliyelitazamia mwaka 1972. Nyumba zisizo na bomba ziliongeza maji yao, zikakaribia maradufu ya zamani, ingawa bado kidogo. Lakini nyumba zenye bomba zilipungukiwa kwa karibu nusu. Wakati wa uchunguzi wa kwanza karibu nyumba zote zenye bomba zilipata maji usiku na mchana. Wakati wa uchunguzi wa pili nyingi zilipata kwa saa chache au kwa siku fulani, kwani miji ilikuwa imekua na mitambo imechakaa bila ya matengenezo. Na katika nyumba za mijini zisizo na bomba muda wa kutafuta maji kwa siku uliongezeka zaidi ya mara 3, si kwa sababu visima vilihama, bali kwa foleni. Wenye mikokoteni na vioski wakawa wengi, na maskini akanunua dumu moja kwa bei ambayo mwenye bomba angalipata madumu kadhaa.

MHANDISI: Hapo ndipo ninapouliza: kama kitabu kina taathira kubwa hivyo, kwa nini miaka 30 baada yake bomba la mjini limekauka?

MKUNGA: Kwa sababu kitabu hakifungi koki wala hakinunui pampu, mwanangu, hizo ni kazi zenu. Ninyi na waliowatuma ndio mliokuwa na fungu la matengenezo. Lakini niambie, Mhandisi, pasingekuwa na hesabu ya kwanza, nani angalijua kwamba bomba limekauka kwa nusu? Wangalisema watu wa mjini wamezoea kulalamika.

MHANDISI: Hilo, Bibi, sina jibu lake.

MWANACHUONI: Na mimi nami niongeze, dhidi ya upande wangu. Ukipekua maandiko ya leo utaona wengi wanaotaja mafungu manne, na wengi wanaotaja nusu saa. Wachache mno wanaotaja namna ile ya kuketi mlangoni kwa mtu kutwa na kuhesabu. Tumeyarithi matokeo tukaiacha kazi. Uchunguzi wa pili ni wa thamani kuliko makala mia za kusifu, kwa kuwa uliirithi kazi.

MWENYEKITI: Imenipasa kutoa uamuzi, nami nitautoa kwa sehemu zote mbili za hoja.

Juu ya sehemu ya kwanza, kitabu cha Wateka Maji kimestahili cheo chake. Hukumu hii sikuiegemeza juu ya wingi wa waliokitaja, kwani kutajwa ni jambo jepesi, bali juu ya yale aliyoyasema Tabibu: kwamba kilibadili swali. Kabla yake iliulizwa kama maji ni safi. Baada yake ikalazimu kuuliza pia ni kiasi gani, yako mbali kadiri gani, na nani ayatekaye. Kasoro za mafungu manne alizozionyesha Mhandisi ni za kweli, nazo ziandikwe kila mahali mafungu hayo yanapofundishwa, hasa katika nchi yenye maji ya floridi.

Juu ya sehemu ya pili, kwamba taathira imewafikia walioandikwa, hoja haikuthibiti. Iliwafikia kwa njia ya kuzunguka, kupitia vipimo vya mashirika na sera za serikali, na kiasi kikubwa kilipotelea njiani. Tanzania katika Sera ya Maji ya mwaka 2002 iliandika kwamba kila mtu wa kijijini apate lita 25 kwa siku, katika kituo kisichozidi mita 400 kutoka kwenye makazi ya mbali zaidi, kituo kimoja kwa watu 250. Maneno hayo ni mazuri, na mwanamke yeyote angeweza kuyashika mkononi na kudai. Lakini huwezi kudai kwa kipimo ambacho hukuambiwa kwamba kipo. Kwa hiyo twaona kwamba utafiti wa afya ya umma una wasomaji wa aina mbili, wenye madaraka na wenye haki, na kitabu hiki, pamoja na ukubwa wake, kiliandikiwa wa kwanza peke yao.

Kutokana na hayo natoa shauri moja, nalo nalielekeza kwa vyuo vyetu kuliko kwa wafadhili. Miaka mingine 30 tangu uchunguzi wa pili inakaribia kutimia. Mahali 34 bado pako. Baadhi yake pamekuwa miji, na baadhi pamekuwa vitongoji ndani ya miji. Uchunguzi wa tatu ufanywe, uongozwe kutoka Makerere, Nairobi na Dar es Salaam, kwa maswali yale yale ili hesabu zilinganike. Na kabla ya makala yoyote kupelekwa katika jarida la ng'ambo, matokeo ya kila mahali yaandikwe kwa Kiswahili au kwa lugha ya wenyeji, yasomwe hadharani mbele ya waliohesabiwa, na waulizwe kama hesabu hiyo ni yao.

MHANDISI: Nami nitakwenda kusomwa kwake, Bwana Mwenyekiti, ili niulizwe habari za matengenezo.

MKUNGA: Ukija, mwanangu, uje na majibu.